Jina Kwanza, Mkebe Baadaye: Mwongozo Kamili wa Kukusanya Tunu na Vitu vya Kupita Uganda

Baba yangu alifanya kazi reli, Tororo. Alipofariki tulikuta chini ya kitanda chake mkebe wa biskuti uliofungwa kwa ukanda wa mpira wa baiskeli. Ndani mlikuwa na tiketi tatu za treni za kadibodi ngumu, kila moja upana wa vidole viwili. Mlikuwa na risiti za kodi zilizokunjwa mara nne, noti ya shilingi 10 yenye sura ya Idi Amin, vizibo viwili vya soda, na kisahani kidogo cha shaba chenye tundu upande mmoja na namba iliyogongwa katikati. Ndugu zangu walitaka mkebe mzima utupwe. "Makorokoro ya mzee," walisema, na hawakusema kwa ubaya. Nyumba ilikuwa imejaa waombolezaji na kila pembe ilihitajika.

Kile kisahani kilinisumbua miezi kadhaa. Nilikionyesha kwa mafundi, kwa mwalimu, kwa muuza vyuma chakavu aliyetaka kukipima kwenye mizani papo hapo. Mwishowe nikakipeleka kwa mzee aliyestaafu karakana ya reli. Baada ya salamu nikakiweka kiganjani mwake.

"Mzee wangu, hiki mlikuwa mkikiitaje?"

Alikipangusa kwa kidole gumba, akakigeuza, akacheka kidogo. "Hii ni namba," akasema. "Kila mtu alikuwa na zake. Ukienda stoo kuazima spana, unaacha namba yako msumarini, unaondoka na spana. Jioni usipoirudisha, namba yako inabaki inaning'inia pale, na karakana nzima inaiona."

Siku ile ndiyo niliyoanza kukusanya kwa akili. Shaba ilikuwa ile ile, ila sasa ina jina, na jina limekuja na msumari, stoo, spana na aibu ya jioni. Kitu kilichotengenezwa kitupwe kinaokolewa na jina lake kwanza, ndipo mkebe unaposaidia. Hatua ninazoziandika hapa nimezifuata kwa miaka sasa, na nyingine nilijifunza baada ya kuharibu.

Hatua ya 1: Jua unachokishika

Kuna makundi mawili, na usipoyatenganisha utachanganyikiwa mapema.

Kundi la kwanza ni la vitu vinavyotunzwa kwa sababu ni adimu au vinashangaza. Kiswahili ni tajiri hapa. Tunu ni kitu cha nadra, kipenzi, ambacho thamani yake mara nyingi iko moyoni kuliko sokoni. Hata zawadi aliyorudi nayo msafiri iliitwa tunu. Shani ni kitu kigeni kinachokusimamisha njiani ukitazame. Kioja nacho kinashangaza, lakini neno limeelemea upande wa vituko. Ukimwambia bibi kwamba chungu cha mama yake ni kioja, umemtukana na huenda usikanyage tena kwake. Ukumbusho ni kitu kinachokurudisha kwa mtu au siku fulani, hata kama kipo sokoni tele.

Kundi la pili ni vitu vilivyotengenezwa vitumike leo na kutupwa kesho: tiketi, risiti, kipeperushi, bango la mkutano, kadi ya harusi, stika, kizibo, kasha la kibiriti, kalenda ya mwaka uliopita, karatasi iliyofungia karanga. Wazungu huviita "ephemera", neno waliloazima kutoka Kigiriki, lenye maana ya kinachodumu siku moja, na ndilo Wagiriki walilomwitia mdudu anayeruka siku moja akafa. Aliyekulia karibu na Ziwa Viktoria hahitaji kufafanuliwa. Amewaona wadudu wa ziwani wakiinuka juu ya maji kama moshi, usiku wakafunika taa, asubuhi akawafagia barazani. Mimi huviita vitu vya kupita, na kila niliyemwambia jina hilo amelielewa bila maelezo.

Makundi haya hayana ukuta kati yake. Kitu cha kupita kikipona, miaka ikipita, kinahamia upande wa tunu. Mfano mzuri kuliko yote umetokea hapa kwetu. Mwaka 1895 mmisionari Ernest Millar wa Church Missionary Society alitengeneza stempu za kwanza za Uganda kwa taipureta yake. Karatasi nyembamba, herufi U na G pembeni, namba katikati. Namba ile ilikuwa bei kwa hesabu ya simbi, zile kauri za baharini zilizotumika kama fedha, 200 kwa rupia moja. Hakuna aliyezipiga stempu zile ili zidumu. Zilikuwa za kupeleka barua basi. Leo wakusanyaji wa dunia nzima wanazisaka, na waghushi hawajalala. Angalia pia neno lenyewe. Ganda la simbi limeondoka sokoni zamani, lakini Mganda anapohesabu pesa bado anasema ensimbi. Kitu kimekufa, jina linaendelea kufanya kazi kila siku kwenye vibanda vya kutuma pesa.

Mfano mwingine uko shingoni mwa watu. Shanga za karatasi zinazouzwa Kampala hukatwa kutoka kalenda, mabango na magazeti ya zamani, zikaviringishwa kwenye sindano na kupakwa vanishi. Nina mkufu ambao ukiutazama kwa kioo cha kukuzia unaona, kwenye shanga ya saba, nusu ya neno "Jumamosi" kwa wino mwekundu. Kalenda ile ilikuwa kitu cha kupita. Sasa ni pambo ambalo mgeni hupanda nalo ndege.

Kuna pia maneno ambayo ndugu zako watakutupia: makorokoro, makorokocho, takataka. Usigombane nao. Yaandike hayo pia, maana nayo ni sehemu ya historia ya kitu. Namna watu wanavyokidharau kitu inaeleza kwa nini kimebaki kimoja.

Halafu kumbuka kwamba jina hubadilika ukivuka mpaka. Taa ndogo ya mafuta ya taa iliyotengenezwa kwa kopo, ambayo mafundi wa bati wameiunda miaka mingi, hapa ni tadooba. Kenya utasikia koroboi, Tanzania kibatari. Nguo kuukuu ni mivumba kwetu na mitumba kwa jirani. Mfuko mwepesi wa plastiki ni kaveera Kampala na rambo Dar es Salaam. Boda boda lenyewe ni neno lililozaliwa mpakani Busia, waendesha baiskeli wakiita abiria wa kuvushwa kutoka boda hadi boda, na sasa linatumika Afrika Mashariki nzima. Ukiandika jina moja tu "sahihi" la kwenye kamusi, umefuta ramani nzima.

Hata nyumba yenyewe ya vitu vya kale ina majina mawili. Jumba la Makumbusho la Uganda lilianza 1908 kwenye ngome ya Lugard, yule kapteni wa Kiingereza, Old Kampala, na tangu 1954 liko Kitante. Waganda waliliita Enyumba y'Amayembe, nyumba ya mayembe, kwa sababu walichokiona ndani ni vitu vya nguvu za mizimu. Kiswahili kinaiita makumbusho. Jina moja linatisha, la pili linakumbusha, na vitu ndani ni vile vile.

Hatua ya 2: Chagua uzi mmoja

Usikusanye kila kitu. Chagua uzi mmoja na uushike mwaka mzima: safari, harusi, simu, kodi, kanisa au msikiti wako, duka la mama yako. Mimi nilianza na reli kwa sababu ya mkebe ule. Rafiki yangu hukusanya kadi za kwanjula, ile sherehe ya kumtambulisha mchumba nyumbani, na za harusi tu, na kutoka kadi hizo anaweza kukuambia lini watu wa mtaa wake walianza kuandika namba ya simu ya kutuma mchango badala ya anuani ya sanduku la posta. Uzi mwembamba unafika mbali.

Hatua ya 3: Tafuta pale vinapofia

Vitu vya kupita havikai dukani. Anza nyumbani: chini ya godoro, juu ya kabati, ndani ya mkoba wa nyanya uliochakaa. Fungua vitabu vya dini taratibu, maana Biblia, Kurani na vitabu vya nyimbo ndivyo benki ya familia nyingi. Kwenye Biblia ya shangazi yangu nilikuta kadi yenye picha ya Papa Yohane Paulo wa Pili, aliyezuru Uganda Februari 1993, na nyuma yake hesabu ya deni la sukari.

Sokoni Owino, Kampala, zungumza na wauza mivumba. Wao hupekua mifuko ya makoti kabla ya kuyatundika, na humo hutoka tiketi za tramu, risiti za mikahawa, vikaratasi vya miji ambayo hawajawahi kuiona. Wengi huvitupa hapo hapo. Ukimwomba mmoja akuwekee kwenye bahasha, na ukimpitia kila Ijumaa bila kukosa, utashangaa.

Nasser Road ni mgodi. Ndipo Kampala inapochapia kalenda, mabango ya wanasiasa, kadi za mwaliko na vitabu vya risiti. Omba nakala zilizoharibika, zile zenye rangi iliyohama au jina lililokosewa. Kadi ya harusi iliyokosewa jina la bwana arusi haikutumika hata siku moja, na kwangu hiyo ina uzito kuliko iliyotumwa.

Usimdharau muuza karanga. Koni yake ya karatasi imekatwa kutoka kitabu cha mazoezi, mtihani, daftari la duka, hata barua. Kula karanga, kisha soma.

Unapoomba kitu, usitangaze kwamba "vya zamani vina pesa." Ukisema hivyo, bei hupanda, watu huficha, na wiki inayofuata wanaanza kukutengenezea vya zamani. Mimi husema ukweli mfupi: ninakusanya karatasi za reli kwa ajili ya kumbukumbu ya baba. Lipa kidogo na kwa adabu.

Ukinunua tunu, yaani kibuyu, kigoda au chungu, jifunze kutofautisha kilichotumika na kilichotengenezwa kwa ajili ya wageni. Kigoda kilichokaliwa kimeng'aa pale tu makalio na mikono vilipogusa, na miguu imelika bila usawa. Kilichopakwa kiwi ya viatu ili kizeeke kimekuwa cheusi kila mahali, hata chini ambapo hakuna mkono uliofika. Kibuyu cha maziwa kina harufu ya moshi ndani yake. Chungu cha kupikia kina masizi yasiyotoka kwa kidole. Ufa ulioshonwa kwa uzi ni ushahidi bora kuliko maneno ya muuzaji, kwa sababu hakuna anayeshona kitu asichokihitaji.

Hatua ya 4: Uliza jina, liandike siku hiyo hiyo

Hii ndiyo hatua ambayo wengi huiruka. Nunua daftari gumu na penseli. Kila kitu kipe namba, uiandike kwa penseli nyuma ya bahasha yake, kamwe si juu ya kitu chenyewe kwa kalamu ya wino.

Usimuulize mzee, "Hiki ni nini?" Atakupa jibu la shuleni, au atakujibu kama mtu anayefanya mtihani. Muulize walikiitaje. Halafu uliza kilikaa wapi: mfukoni, kwenye pindo la leso, kwenye kofia, ukutani juu ya mlango? Halafu nani alikitupa na kwa nini. Maswali matatu hayo yanatosha, mengine ni kukaa kimya na kunywa chai uliyowekewa. Jina likija kwa Luganda, Kijapadhola, Kiteso, Kilugbara au Kinubi cha Bombo, liandike kama lilivyotamkwa, na uweke lugha pembeni. Usilitafsiri papo hapo. Utalitafsiri nyumbani ukiwa na utulivu.

Ukurasa mmoja wa daftari langu unasomeka hivi: "Namba 31. Kadi ya muda wa maongezi, ya kukwangua. Imekwanguliwa kwa sarafu, mikwaruzo imetoka kulia kwenda kushoto, labda mtu wa mkono wa kushoto. Jina: eyataimu (mama mwenye kioski, Malaba), kadi (dada yangu), vocha (dereva wa lori kutoka Tanzania, alikuwa akisubiri foleni ya forodha). Ilikaa: ndani ya kava la simu, baada ya kutumika, 'nambari ikikataa nikalalamike.' Imetoka: kava la simu ya zamani ya dada. Pembe moja imeliwa." Kadi hizi ziliondolewa kwenye soko la Uganda katikati ya 2018. Kwa miaka mingi zilikuwa zimejaa kwenye mitaro yetu yote, na mtoto wa darasa la tano leo hajui ule unga wa fedha uliobaki chini ya kucha ulikuwa wa nini. Jaribu kutafuta moja safi sasa uone.

Risiti za kodi za baba zilinipa somo jingine. Kodi ile ya kila mwanaume mzima, iliyofutwa 2005, ilikuwa na jina lake rasmi la Kiingereza kwenye karatasi. Lakini mama aliiita musolo, baba na wenzake wa reli waliita kodi ya kichwa, na jirani yetu mmoja hakuitaja kwa jina kabisa, alisema tu "ile karatasi," akashusha sauti. Nimeandika hilo pia. Wanaume walikuwa wakisimamishwa njiani waitoe, na aliyekuwa hana alikimbilia mihogoni. Mikunjo minne ya risiti ya baba, iliyolainika kama kitambaa, inaonyesha ilitembea mfuko wa shati mwaka mzima.

Hatua ya 5: Tafuta tarehe kwenye karatasi isiyo na tarehe

Hapa ndipo kazi inapokuwa tamu. Vitu vya kupita mara nyingi havina mwaka, kwa sababu kila mtu alijua ni mwaka huu. Lakini vimejaa dalili.

Anza na jina la taasisi. Tiketi ya treni yenye herufi E.A.R. & H. ni ya kati ya 1948, shirika la reli na bandari lilipoundwa, na 1969, reli ilipotenganishwa na bandari. Baada ya Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki kuvunjika 1977, jina linakuwa la Uganda peke yake. Kipande cha gazeti kikisema Uganda Argus, hakizidi 1972. Voice of Uganda kinaishia 1979. New Vision kinaanza 1986. Stempu yenye nchi tatu pamoja, Kenya, Uganda na Tanzania, haivuki katikati ya miaka ya 1970. Na usiibandue stempu kwenye bahasha! Muhuri wa posta unakupa siku na mji, na nusu yake iko kwenye bahasha.

Pesa nazo zinasema. Benki Kuu ya Uganda ilifunguliwa 1966, na kabla yake shilingi ilikuwa ya Afrika Mashariki nzima. Noti zenye sura ya Amin zilitoka 1973, na baada ya kuanguka kwake 1979 zikaja zisizo na sura hiyo. Mei 1987 shilingi 100 za zamani ziligeuzwa kuwa 1 mpya, na asilimia 30 ikakatwa juu yake. Kwa hiyo usidanganywe na bei kubwa: risiti ya maelfu inaweza kuwa ya miezi michache kabla ya mabadiliko hayo, na ya tarakimu mbili ikawa ya baadaye.

Halafu kalenda. Nilipata kipeperushi cha hija ya Namugongo kilichosema tu "Jumapili, 3 Juni." Sikukuu ya Mashahidi wa Uganda ni 3 Juni kila mwaka, lakini haiangukii Jumapili kila mwaka. Ilikuwa Jumapili 1990, 2001, 2007, 2012 na 2018. Kipeperushi kilikuwa na namba ya simu ya mkononi ya tarakimu kumi, ikianza na 0772, na namba za mkononi za mwanzo zilikuwa fupi kuliko hivyo. Miaka miwili ya kwanza ikatoka. Chini kulikuwa na tangazo dogo lenye jina la Airtel, na jina hilo lilifika Uganda 2010, pale mtandao uliokuwa Celtel, kisha Zain, ulipobadilishwa tena. 2007 ikatoka. Ikabaki 2012 au 2018, na katekista mmoja akamaliza: jina la padri lililoandikwa pale ni la aliyehamishwa 2014. Karatasi isiyo na mwaka imepata mwaka bila maabara yoyote.

Hatua ya 6: Hifadhi, na usiharibu kwa mapenzi

Nitaanza na kosa langu. Mama alipofariki, kwenye pochi yake kulikuwa na risiti ya duka, manunuzi yake ya mwisho: sabuni, chumvi, majani ya chai, pipi za wajukuu. Niliipeleka kwenye duka la kuchapisha ikafunikwe kwa plastiki ya moto, nikidhani ninaihifadhi. Ilitoka upande wa pili wa mashine nyeusi tii. Risiti za mashine haziandikwi kwa wino. Karatasi yenyewe imepakwa dawa na joto ndilo linaloandika. Ukiipasha moto yote, imeandikwa yote. Sikuwa nimeipiga picha.

Kwa hiyo: risiti ya mashine piga picha siku unayoipata, pande zote mbili, karibu na dirisha, bila mwanga wa simu, na rula pembeni. Itafifia hata ukiitunza vizuri. Na usifunike karatasi yoyote kwa plastiki ya moto, wala usiitie selotepu. Selotepu hugeuka kahawia ikala karatasi mpaka upande wa pili.

Toa pini na stepula kwa kucha au kisu butu, maana zitashika kutu kabla ya masika mawili. Usiweke gazeti likigusana na kitu kingine, kwa kuwa asidi yake huacha kivuli cha njano. Bahasha za kaki nazo zina asidi. Karatasi nyeupe safi ya kuchapishia, ukiikunja kama bahasha na kuibadilisha kila miaka michache, inafanya kazi nzuri. Plastiki yenye harufu kali ya pazia jipya la bafu iache dukani. Ile nyembamba, isiyo na harufu, inayolia kama jani kavu ukiifinya, inafaa.

Unyevu na wadudu ndio maadui wa kweli wa nchi yetu. Mkebe ukae juu ya rafu, mbali na ukuta wa nje, si sakafuni ambako mchwa hupandia, wala juu karibu na mabati ambako mchana ni tanuri. Tia ndani vile vifuko vya chembe za kunyonya maji vinavyokuja na viatu vipya. Ukiona unga mdogo au mashimo, funga kitu ndani ya mifuko miwili ya plastiki isiyopitisha hewa, ukitie kwenye friza wiki mbili. Ukikitoa, usikifungue mpaka siku nzima ipite, la sivyo umande utatua juu ya karatasi. Picha za zamani zinazonata usizipeleke huko. Hizo muulize mtu wa makumbusho.

Sarafu na vizibo usivisugue kwa limau, majivu wala dawa ya kung'arishia vyuma. Kung'aa kule ni ngozi yake unayoichubua. Namba ya baba bado ina weusi wa grisi kwenye tarakimu, na itabaki nao.

Hatua ya 7: Jua mipaka

Pembe za ndovu, ngozi za chui, magamba ya kakakuona: usiguse, hata ukiambiwa vilikuwa vya babu. Sheria ya Wanyamapori ya 2019 inaruhusu hadi kifungo cha maisha kwa makosa ya wanyama walio hatarini. Karatasi ya kura haitoki kituoni, basi. Kitu cha madhabahu ya ukoo hakinunuliwi kwa kijana mmoja mwenye shida ya pesa wakati wazee wake hawajui. Vitu vilivyochimbwa ardhini vipeleke makumbusho, Kitante.

Kuna jambo linaloniuma zaidi kwa sababu nimeliona mara nyingi kwenye koni za karanga: fomu za wagonjwa, na majina yao na maradhi yao. Hizo sikusanyi wala sizipigi picha. Nazichana vipande vidogo, nazichoma. Picha za vitambulisho vya watu nazo usizionyeshe popote.

Kabla ya kulala leo

Toa kila kilichomo mfukoni mwako ukiweke mezani. Chagua kimoja ambacho kesho kingekuwa kwenye jaa. Kipe Namba 1.

Mimi jana nilinunua karanga stendi ya Tororo. Nilimuuliza kijana aliyeniuzia, ile karatasi anaiitaje. "Koni," akasema, kana kwamba kila mtu anajua. Mama aliyekaa nyuma yake na sinia la ndizi akamkata: "Koni ni ya aiskrimu. Sisi ni kapapula, tangu zamani." Wakabishana mpaka basi likaja. Nimeandika yote mawili. Namba 212, ukurasa wa hisabati, darasa la sita, sehemu kwa sehemu, jibu la tatu limekosewa na mwalimu ameweka alama nyekundu. Chumvi bado inang'aa kwenye mkunjo. Kesho asubuhi nitaitoa kwa brashi laini.